Ganda Linapogoma

Watu wengi wasiowahi kushika bunduki hudhani kwamba kazi ngumu ya chombo hicho ni kulipua. Kulipua, hata gobori la babu liliweza. Kazi ngumu huja baada ya mlio: kuling'oa ganda tupu kutoka mahali lilipolipukia, kulitupa nje, na kuiachia nafasi risasi ya pili. Nimeifanya kazi ya ufundi wa silaha kwa miaka thelathini na kitu, na naweza kusema bila kutia chumvi kwamba nyingi ya bunduki zilizoletwa mezani kwangu hazikuwa zimeshindwa kufyatua. Zilikuwa zimeshindwa kutema.

Nataka kuizungumzia moja tu katika jamii hiyo, nayo ni shotigani ya pampu, ile ambayo msomaji ameiona mikononi mwa walinzi wa mabenki na maghala katika miji yetu. Wengi huijua kwa sauti yake ya kukoki, krak-krak, ambayo sinema zimeitia chumvi nyingi. Historia yake ni ndefu kuliko inavyodhaniwa, na kwa sehemu kubwa ni historia ya ganda linalogoma kutoka. Pia ni historia ya lawama, yaani nani abebeshwe mzigo pale chuma kinapokosea.

Kwanza nieleze kidogo jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu bila hayo mengine hayataeleweka. Chini ya mtutu kuna bomba linalobeba risasi, na juu ya bomba hilo kuna mkono wa mbao au plastiki unaoteleza. Mpigaji akiuvuta mkono huo nyuma, fito za chuma zilizofungwa humo huurudisha nyuma mtambo uliofunga kitako cha mtutu. Kwenye uso wa mtambo huo kuna ukucha mdogo wa chuma, pengine si mkubwa kuliko punje ya mahindi, unaoushika ukingo wa kitako cha ganda na kuliburuta nje ya chemba. Ganda likifika nyuma hugonga kizuizi, likaruka ubavuni. Mkono ukisukumwa mbele, risasi mpya hupanda na kuingia chemba. Ni mtambo wa akili sana, nao hauhitaji gesi wala nguvu ya mlipuko ili kujiendesha. Injini yake ni mkono wa binadamu. Hilo ndilo sifa yake na ndilo shida yake, maana ganda likinasa, mtambo hauna nguvu nyingine ya kuazima ila ya mkono ule ule, na mara nyingi wakati huo mkono unatetemeka.

Sasa ganda lenyewe. Risasi ya geji 12 iliyo ya kawaida ina ganda la inchi 2¾, yaani kama milimita 70. Kitako chake ni kikombe cha chuma au shaba njano, na mwili wake siku hizi ni plastiki. Inapolipuka, mgandamizo ndani yake huweza kukaribia pauni 11,500 kwa kila inchi ya mraba. Ganda hutanuka na kujibana kwenye kuta za chemba, na ni lazima litanuke hivyo, kwani ndiyo njia ya kuzuia moto usimrudie mpigaji usoni. Kinachotakiwa ni kwamba baada ya kutanuka lisinyae kidogo, lilegee, ukucha uliburute. Shaba njano husinyaa vizuri. Chuma cha bei nafuu kilichopakwa rangi ya shaba husinyaa kwa uchache. Na ikiwa ukuta wa chemba haukusuguliwa ukalainika, bali umeachwa na mifereji midogo ya keekee kama ile ya sahani ya santuri, ganda lililotanuka huingia katika mifereji hiyo na kung'ang'ania. Ukucha ukivuta, hutokea moja kati ya mawili: usivute kitu, au uukate ukingo wa ganda na kuliacha ganda ndani. Kwa hiyo daima kuna watuhumiwa watatu: chemba, ganda na ukucha. Wa nne ni mpigaji, na yeye ndiye hushtakiwa kwanza.

Bunduki ya kwanza ya aina hii kupata soko ilikuwa ya Mmarekani Christopher Spencer, mtu yule yule aliyetengeneza bunduki ya kurudia iliyotumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Shotigani yake ni ya mwaka 1882. Miaka kumi na moja baadaye kampuni ya Winchester ikatoa ya kwake, Model 1893, iliyobuniwa na John Moses Browning, ambaye kwa maoni yangu hajatokea fundi wa silaha mwenye kichwa kama chake. Hata hivyo Browning aliibuni kwa ajili ya baruti nyeusi, na miaka ile ile baruti isiyo na moshi ilikuwa inaingia madukani. Baruti mpya ilisukuma kwa nguvu zaidi, na mtambo wa 1893 haukuumbwa kuibeba. Winchester wakaibuni upya, wakaipa mwili imara zaidi na chemba ya ganda refu zaidi, ikatoka mwaka 1897. Jambo ninalolipenda katika habari hii ni kwamba waliwaambia wenye bunduki ya zamani wairudishe wapewe mpya badala yake. Sijui kama walifanya hivyo kwa wema au kwa kuogopa kesi, lakini walifanya. Hiyo Model 1897 ikaendelea kutengenezwa hadi 1957, zikatoka zaidi ya milioni moja.

Ni bunduki hiyo iliyopelekwa Ufaransa na jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza, ikiwa imefupishwa mtutu na kuwekewa mahali pa kufunga singe. Katika mahandaki, ambako watu walikutana uso kwa uso kwenye kona, risasi moja yenye marisawa tisa makubwa ilikuwa jambo la kutisha. Wajerumani walitishika kiasi kwamba Septemba 1918 serikali yao ilipeleka malalamiko rasmi ikidai kuwa silaha hiyo inavunja sheria za vita za The Hague kwa kuleta mateso yasiyo ya lazima, na kwamba Mmarekani atakayekamatwa nayo anaweza kuuawa. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Robert Lansing, alikataa, akaonya kwamba mateka wa Kimarekani wakiguswa kutakuwa na kulipiza kisasi. Basi nguvu mbili kubwa za dunia ziliandikiana barua juu ya bunduki ya kuwindia bata! Nami nikizisoma habari hizo huwa nacheka kidogo, maana wapeleka gesi ya sumu ndio waliolalamikia marisawa.

Lakini mwenye kuishika bunduki ile handakini alikuwa na malalamiko mengine, ambayo hayakuandikiwa barua ya kibalozi. Maganda ya wakati ule yalikuwa ya karatasi ngumu iliyopakwa nta. Duniani kote wawindaji waliyatumia bila taabu, kwa kuwa mwindaji hurudi nyumbani jioni na kuziweka risasi zake kabatini. Askari wa handakini halali kabatini. Analala kwenye tope, mvua inamnyea, na karatasi inakunywa maji na kuvimba. Risasi iliyovimba ama haiingii chemba, ama huingia kwa kulazimishwa na kisha haitoki. Dawa ilijulikana upesi: ganda la shaba njano tupu kuanzia kitakoni hadi mdomoni. Liliagizwa, ila lilipoanza kupatikana vita vilikuwa vinaelekea ukingoni. Katika Vita vya Pili jeshi lile lilikuwa na risasi za shaba za geji 12, na askari wengine wakaendelea kupewa za karatasi vile vile. Tatizo la karatasi halikwisha hasa mpaka miaka ya 1960, plastiki ilipoenea.

Nisije nikaonekana kwamba nazisema shotigani peke yake. Kugoma kwa ganda ni ugonjwa wa silaha zote zinazotumia ganda, na umewaangusha wakubwa. Januari 1885, huko Abu Klea nchini Sudan, askari wa Uingereza waliokuwa wakienda kumwokoa Gordon aliyezingirwa Khartoum walivamiwa na wapiganaji wa Mahdi, na katikati ya mapambano bunduki zao za Martini-Henry zikaanza kunasa. Ganda lao lilitengenezwa kwa bati jembamba la shaba lililoviringishwa, likafungwa kwenye kitako cha chuma. Kwenye joto na mchanga lilijifinyanga ndani ya chemba, na mtambo wa kung'olea ukang'oa kitako peke yake. Habari ilipofika London kelele zilikuwa kubwa, na ganda la shaba nzima likapata watetezi wengi ghafla. Miaka themanini baadaye Wamarekani walirudia somo lile lile huko Vietnam kwa bunduki ya M16. Ilipelekwa ikiwa na chemba isiyopakwa kromu, ikabadilishiwa aina ya baruti, na vifaa vya kusafishia vikawa haba. Unyevu wa misitu ukaila chemba, maganda yakanasa, askari wakawa wanayagonga kutoka mdomoni mwa mtutu kwa ufito wa kusafishia, kama babu zetu walivyoshindilia gobori. Mwaka 1967 kamati ya Bunge lao iliyoongozwa na Richard Ichord ilichunguza ikaona kwamba kosa halikuwa la askari. Mpaka wakati huo askari walikuwa wakiambiwa hawasafishi bunduki zao.

Hapo ndipo ninapotaka kumtaja mtu mmoja, ingawa sitalitaja jina lake wala la aliyemwajiri.

Mwaka 1996 niliitwa na kampuni moja ya ulinzi jijini Dar es Salaam niikague shotigani ya pampu. Mlinzi wao, mtu wa makamo, mstaafu wa mgambo, alivamiwa usiku kwenye ghala alilokuwa akililinda. Alipiga risasi moja hewani kama alivyofundishwa. Wezi wakasita. Akavuta mkono nyuma ili aweke ya pili, mkono ukagoma katikati. Wezi wakaisikia ile sauti isiyokamilika, na nadhani hakuna sauti inayompa mwizi moyo kuliko hiyo. Walimkata panga mara mbili kwenye mkono wa kushoto, wakachukua walichokuja kuchukua. Kampuni ikamwachisha kazi. Barua yake, aliyonionyesha ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, ilisema kwamba kwa hofu hakuvuta mkono wa bunduki hadi mwisho.

Sasa, jambo hilo lipo. Mtu asiyezoea akivuta nusu, ganda hubaki njia panda, na mimi mwenyewe nimewafundisha mamia wasifanye hivyo. Kwa hiyo tuhuma haikuwa ya kipuuzi. Lakini bunduki hutunza ushahidi kuliko binadamu. Ganda walikuwa wamelitoa kwa kulichokonoa, nao bahati nzuri hawakulitupa. Kama angevuta nusu kwa hofu, ganda lingekuwa limekwisha legea kutoka chemba, limekaa ovyo katikati ya mtambo, na ukingo wake mzima. Hili lilikuwa na alama ya ukucha iliyochimba ukingo wa chuma mpaka ukajikunja, na kwenye kikombe cha kitako kulikuwa na mistari myembamba iliyozunguka, sawasawa kama nyuzi za parafujo. Nikamulika chemba kwa tochi. Mistari ile ile ilikuwa humo. Bunduki ilikuwa mpya, haina mwaka, nje imepakwa rangi nzuri nyeusi, na ndani chemba imeachwa kama ilivyotoka kwenye keekee. Mtu kiwandani aliruka hatua ya mwisho, ile ya kusugua. (Haikuwa bunduki ya kiwanda chochote ninachokitaja katika makala haya.)

Tulikwenda uwanja wa shabaha na polisi mmoja akiwapo, nikaipiga. Kwa risasi zile za bei nafuu alizokuwa amepewa mlinzi, zenye kitako cha chuma, tatu katika kumi zilinasa, na mimi ni mtu wa mikono minene. Kwa risasi za kitako cha shaba njano haikunasa hata moja. Niliandika taarifa ya kurasa mbili. Nilisema kwamba chemba ni mbovu toka kiwandani, risasi hazikuifaa, na mlinzi alivuta mpaka ukucha ukaukunja ukingo, jambo ambalo mtu anayevuta nusu hawezi kulifanya. Niliomba ruhusa nizisugue chemba za bunduki zote kumi na mbili za fungu lile. Kazi yenyewe si ya ajabu: unazungushia pamba ya chuma, laini kuliko ile ya kusugulia masufuria, kwenye ufito wenye mafuta, unauzungusha polepole kwenye chemba, unafuta, unamulika, unarudia, na kwa saa moja umemaliza moja. Hutafuti kuipanua chemba, unaing'arisha tu.

Walinipa kazi hiyo na wakanilipa vizuri. Wakabadilisha na risasi. Mlinzi hawakumrudisha. Meneja, kijana mstaarabu kabisa, aliniambia, "Fundi, taarifa yako tumeikubali, lakini mzee yule amekwisha kupata mafao yake." Nilimpelekea mzee nakala nyumbani kwake. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akamwita mwanawe naye aisome kwa sauti. Kisha akasema, "Mwanangu umesikia, baba yako hakuogopa." Mkono wake wa kushoto haukupata kukunjika sawasawa tena.

Niliyoyaona mwaka ule yalinifanya nifuatilie kwa makini zaidi yaliyotokea Marekani, nyumbani kwa bunduki hizi. Baada ya Model 1897 Winchester walitoa Model 12 mwaka 1912, na mafundi wengi huiita kilele cha shotigani za pampu. Sehemu zake zilichongwa kutoka vipande vizima vya chuma cha pua, zikasuguliwa, zikalinganishwa na watu wenye macho. Zilitoka karibu milioni mbili. Mwaka 1964 wakaacha kuitengeneza kama bidhaa ya kawaida, kwa sababu jicho la fundi lilikuwa limekuwa ghali mno. Remington wao walikwisha liona hilo mapema. Shotigani yao ya miaka ya 1930 ilikuwa nzuri ila ilishindwa sokoni, na mwaka 1950 wakaja na Model 870, iliyokuwa na fito mbili za kuvutia badala ya moja, imara, nyepesi kutengeneza, na bei ya mtu wa kawaida. Hapo niseme kweli kwamba unafuu wa bei si dhambi. 870 ya mwanzo ilikuwa nafuu kwa sababu ilibuniwa kwa akili, na si kwa sababu kuna hatua iliyorukwa. Kufikia 2009 zilikuwa zimetoka milioni kumi, na mpaka wakati huo hakuna shotigani ya pampu iliyokuwa imeuzwa kwa wingi kama huo.

Mwaka 1987 likatoka toleo la bei ya chini zaidi, liitwalo Express, ambalo halikung'arishwa kwa nje. Polepole wenye kulinunua wakaanza kulalamika juu ya kutu inayokuja upesi, na juu ya chemba zilizokwaruza na risasi rahisi zinazonasa. Mwaka 2007 kampuni ilinunuliwa na watu wa fedha, Cerberus, na malalamiko yakazidi. Ukucha uliokuwa ukichongwa ukaanza kutengenezwa kwa unga wa chuma uliobanwa kwenye kalibu na kuchomwa. Wamiliki wakawa wanafundishana kusugua chemba wenyewe, kwa pamba ya chuma, kama nilivyofanya mimi. Hilo lilinishangaza. Hatua iliyorukwa kiwandani haikupotea. Ilihamishiwa kwa mnunuzi, na asiyejua kwamba amehamishiwa kazi huigundua siku ganda linapogoma. Kwa mwindaji, bata ameruka. Kwa yule mzee wa ghalani, ni mkono.

Kampuni ilifilisika Machi 2018, ikafilisika tena Julai 2020, ikauzwa vipande vipande. Kiwanda cha Ilion, jimbo la New York, katika eneo ambalo Eliphalet Remington alianza kazi ya kufua mitutu mwaka 1816, kilifungwa Machi 2024, na utengenezaji ukahamishiwa Georgia. Wapo wanaosema deni ndilo lililoiua, wapo wanaosema kesi za mahakamani. Mimi sina elimu ya fedha ya kuamua. Nimezimulika chemba tu.

Miezi michache iliyopita mkulima mmoja mwenye leseni aliniletea 870 ya miaka ya 1970, ya toleo la Wingmaster, aliyorithi kwa baba yake pamoja na shamba. Alitaka niangalie kama bado inafaa kufukuzia nguruwe mwitu. Mbao za kitako zilikuwa zimechakaa, rangi ya buluu imebaki kwenye pembe tu, na bomba la risasi lina kovu la kuangukia jiwe. Nikafungua mtambo, nikaingiza tochi. Chemba ilikuwa inang'aa kama ndani ya bilauri. Niliifuta, nikaitia tone la mafuta kwenye fito, nikamrudishia bila kumtoza kitu.